Flashi ya Tatu

Juu ya Mwamba wa Chui kuna mahali pamoja tu simu inaposhika mtandao, pale kileleni jiwe lilipopasuka. Ukisimama kushoto kwa ufa unapata vijiti viwili. Ukisimama kulia hupati kitu. Pale kushoto nimesimama kila siku saa moja asubuhi kwa mwaka na miezi minne, jua na mvua, na kazi yangu ilikuwa moja: kumpigia flashi mwanamke niliyemwacha miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Nilifika huko juu kulinda kambi ya watalii iliyofungwa. Nilisema nitakaa mwezi. Maisha yangu yote nimesema hivyo, kila mahali. Mto unaopita chini ya mwamba watu wa huko wanauita Galana. Ukishuka nao hadi karibu na Malindi unaitwa Sabaki, lakini maji ni yale yale. Ukijaa pale kwangu, maji hutembea mchana kutwa na usiku kucha kabla ya kufika mashamba ya Kakuyuni. Katikati ya safari hiyo yanavuka mpaka wa kaunti. Mimi nilikuwa kaunti ya juu. Kakuyuni iko kaunti ya chini.

Mtoni, kando ya mwamba, kumesimikwa chuma kirefu kilichopakwa mistari myeupe na myeusi, na karibu na juu kina utepe mwekundu. Hicho ndicho kipimo cha maji. Zamani karani alikuja na pikipiki mara moja kwa mwezi, akaandika namba kwenye fomu, na fomu ikaenda kukaa ofisini huko huko juu. Mwaka wa ile mvua ya Elnino, maji yalipita utepe mwekundu Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimekaa pale napika chai, nikayatazama yanavyopita. Jumatano jioni redio ikasema watu wa Kakuyuni wamekaa juu ya mapaa. Siku nzima mimi nilijua na wao hawajui, wala sikujua kwamba ninajua.

Waliokuja kulitengeneza jambo hili ni wawili. Lynn alikuwa afisa wa mazingira wa kaunti ya juu, mtu wa bara, mwenye kuvaa buti za mvua hata kiangazi. Uweis alikuwa na kazi hiyo hiyo kaunti ya chini, kijana wa Malindi, mpole, mwenye kofia safi siku zote. Walikutana kwenye semina, wakapangwa meza moja wakati wa chakula, na kabla hawajamaliza wali wakagundua kwamba mto wao ni mmoja.

"Mimi nilikuwa na namba sina watu," Lynn alituambia siku ya baraza. "Huyu alikuwa na watu hana namba. Tulikuwa tunakaa tu, kila mtu na yake, kama majirani waliogombana na hawakumbuki waligombania nini."

"Na ule mkataba wa kaunti mbili?" mtu akauliza.

"Uko kwa mawakili," Uweis akajibu. "Utatoka kwa mawakili uende kwa mawaziri, utoke kwa mawaziri urudi kwa mawakili. Lakini mvua haisubiri sahihi. Tunataka msomaji mmoja hapa na msomaji mmoja Kakuyuni, wapigiane simu wao kwa wao, isipite ofisi yoyote."

"Asiwe mtu wa safari," Lynn akaongeza.

Hapo watu wote wakageuka kunitazama, wakacheka. Mchungaji mmoja wa mbuzi akasema, "Basi si huyu. Huyu ukimwambia karibu anauliza njia ya kutokea iko wapi."

Na mimi nilicheka. Sikuwa na nia ya kazi hiyo. Kisha Uweis akafungua daftari lake akasoma: "Msomaji wetu wa chini ni Bi Khamisa, katibu wa kikundi cha watumiaji maji. Mjane, shamba lake liko ukingoni kabisa, hana mchezo."

"Khamisa wa nani?" niliuliza.

"Binti Abdulqadir. Wazee wake ni wa Muyeye."

Nikainua mkono. Mchungaji wa mbuzi akashika kichwa.

*

Mimi nilizaliwa Faza, visiwani. Nilitoka huko nikiwa na miaka kumi na sita na sikupata kutulia tena. Nimebeba mizigo, nimepika katika malori, nimeuza marashi Isiolo, nimechimba visima nchi ambayo haina maji. Katika kuzunguka huko nilifanya kazi ya chumvi Gongoni kwa miaka miwili na nusu, na hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na mke. Tulipanga chumba Muyeye. Kila Alhamisi nilidandia gari nikarudi kwake, miguu imepasuka kwa chumvi, naye ananiwekea beseni la maji ya vuguvugu mlangoni kabla sijaingia, asiseme neno mpaka niitoe miguu majini. Baada ya hapo husema mengi.

Siku moja lori lilikuwa linakwenda kaskazini na lilikuwa na nafasi. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine miaka mingi, sikuipata. Talaka nilimpelekea kwa barua. Nilisikia ameolewa na mkulima wa Kakuyuni, mtu mwema, wamepata binti, wamemwita Ilham. Nilisikia mume amefariki. Habari zake zilikuwa zinanifikia popote nilipo, kidogo kidogo, bila mimi kuuliza. Au labda nilikuwa nauliza.

Kanuni za kazi zilikuwa rahisi, kwa sababu vocha za mwezi hazitoshi mazungumzo ya kila siku, na Kakuyuni kila mtu anajua flashi ni nini: simu inalia mara moja, unakata kabla haijapokewa. Flashi moja, maji ya kawaida. Mbili, maji yamepanda, watu watoe pampu zao ukingoni. Tatu, watu wahame na mifugo yao, waende shule ya mlimani. Flashi zote za saa moja hadi saa mbili zinahesabiwa pamoja. Yeye akizipata anarudisha flashi moja, basi, kazi imekwisha. Hakuna kupokea. Uweis alisisitiza: "Mkianza kupokea mtaanza kusalimiana, mkianza kusalimiana siku ya hatari mtakuta vocha imekwisha."

Sijui kama Khamisa alijua ni mimi. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi, na akina Zein hapa pwani ni wengi. Siku ya kwanza nilipiga moja, nikakata upesi kama mwizi. Dakika mbili. Tatu. Kisha simu ikalia mara moja mkononi mwangu, ikanyamaza.

Ikawa hivyo kila siku. Nilikuwa naamka kabla ya jua, nasoma chuma, napanda mwamba, nampigia, nasubiri. Siku nyingine alirudisha papo hapo, nikasema leo amekaa karibu na simu. Siku nyingine alichelewa, nikasema yuko shambani, mikono ina matope, anaifuta kwenye leso. Nikayajua mambo yake kwa kuchelewa kwake na kuwahi kwake. Ijumaa alikuwa anawahi. Siku za soko alikuwa anachelewa. Wiki moja ya Februari alirudisha kwa udhaifu, simu ikalia nusu mlio tu, nikakaa na wasiwasi siku saba kwamba anaumwa. Simu hailii kwa udhaifu, nalijua hilo. Lakini nenda ukakae peke yako juu ya jiwe uone utakayoyasikia.

Lynn alipokuja na vocha za mwezi alinikuta nimepanda mchicha.

"Babu, unapanda? Wewe?"

"Unaota wenyewe," nikamwambia.

*

Idd ya mwaka ule iliangukia mwanzo wa masika. Mvua zilikuwa zimenyesha bara na mto ulikuwa umepanda, si sana. Nilisoma chuma, nikapanda, nikapiga mbili. Akarudisha moja. Kazi yangu ya siku ikawa imekwisha, saa moja na dakika nne.

Nilikaa pale juu. Nilikuwa nimeswali peke yangu, nimevaa kanzu yangu moja, na hakuna mtu wa kumwambia Idd mubarak ila nyani. Nikakumbuka Idd mbili za Muyeye, tambi alizozipika na iliki nyingi kupita kiasi, na vile alivyonivika kofia mwenyewe akirudi nyuma kunitazama kama mshonaji. Nikasema moyoni, flashi moja tu. Ataelewa. Leo ni Idd, atajua hii si ya maji.

Nikapiga. Nikakata.

Nilijua kanuni. Nisiseme sikujua. Saa mbili ilikuwa haijafika, na mbili na moja ni tatu.

Simu yangu ikalia mara moja, upesi sana, na nikacheka mwenyewe kwa furaha. Nilidhani amenijibu Idd.

Kumbe alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Alitoka na leso ya kichwani mkononi, akapiga kelele njia nzima, na Kakuyuni yote ya ukingoni ikahama siku ya Idd. Watu waliacha pilau motoni. Walibeba magodoro juu ya kanzu mpya. Bibi mmoja alibebwa kwenye mkokoteni wa punda na kiti chake cha plastiki. Ng'ombe wa mtu alivunjika mguu kwenye daraja la miti ikabidi achinjwe. Wakakaa shule ya mlimani mchana wote, na usiku, na kesho yake, wakiutazama mto. Mto ulipanda shubiri moja ukashuka.

Lynn alinipigia jioni ya siku ya pili, nikiwa juu ya mwamba.

"Babu, mto uko wapi?"

"Upo kwenye mstari wa tatu. Kwa nini?"

"Ulipiga ngapi jana?"

Hapo ndipo nilipojumlisha.

*

Mkutano ulifanyika Malindi, kwenye ukumbi wenye mapangaboi sita, yanayozunguka mawili. Ilikuwa iwe siku ya kutia sahihi. Mkataba ulikuwa umetoka kwa mawakili hatimaye, na haukuwa wa flashi tu: kaunti ya chini ingepeleka miche ya miti kutoka Kakuyuni, kaunti ya juu ingetoa ardhi ya kingo za mto ipandwe, wakulima wa juu waache kulima mpaka majini, mchanga upungue, na kipimo kimoja kisomwe na wote. Yote hayo yalikuwa mezani, yamefungwa kwa utepe. Na mimi nilikuwa nimewekwa kiti pembeni.

Khamisa alikaa safu ya mbele upande wa pili, buibui nyeusi, miwani. Sikuweza kumtazama na sikuweza kutomtazama.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mutuku, mwenyekiti wa wakulima wa Kakuyuni, aliyekuja kutoka Machakos akiwa kijana akapenda udongo wa mto asirudi.

"Mimi nilikuwa na nyanya nusu ekari, zimeiva siku ile," akasema. "Tukahama. Tulipoteremka, kuna watu hawakuhama, na nyanya zangu zilikuwa zimehama nao. Sasa mtaani wananiita mkimbizi wa jua! Nataka kumwona huyu Mzee Flashi. Ni yupi? Ni huyu? Mzee, shikamoo. Ulituonea nini?"

Ukumbi ukacheka, kicheko cha watu wenye hasira.

Mzee mmoja wa kaunti ya juu, aliyeketi meza kuu, akakohoa. "Inawezekana ni mtandao," akasema. "Mitandao hurudia. Mimi mwenyewe hupata ujumbe mmoja mara mbili. Na kama ni mtandao, basi mpango wenyewe wa simu haufai. Tuuache kwanza, kila kaunti iendelee na utaratibu wake, tutafute mitambo." Akanigeukia kwa upole, kama anayemfungulia mtu mlango. "Si ilikuwa mtandao, mzee wangu?"

Nilielewa anachonipa. Nikisema ndiyo, nitatoka pale msafi, hakuna atakayejua kitu. Na mkataba utafungwa tena na utepe wake urudi kabatini, na kila mtu akae na mto wake nusu. Nikisema siyo, nimekwisha. Watamtafuta mtu mwingine wa kusimama juu ya lile jiwe, na kesho saa moja asubuhi simu ya Khamisa italia kwa mkono wa mtu mwingine. Hilo ndilo nililoliogopa. Aibu nimekwisha kuizoea.

Nikasimama. "Mtandao ulikuwa mzima. Ni mimi niliyepiga."

"Ulikosea kuhesabu?" Uweis akauliza, akinisaidia naye.

"Sikukosea kuhesabu. Mbili zilikuwa za maji. Ya tatu ilikuwa ya Idd."

"Ya Idd vipi, ami?"

"Nilitaka kumpa mkono wa Idd. Aliyekuwa upande wa pili. Alikuwa mke wangu zamani." Nikaona nimeanza, nimalize. "Mpango hauna kosa. Simu haina kosa. Yeye alifanya kama alivyoambiwa, bila kupoteza dakika. Kama mngekuwa na mtu mwingine kule juu, siku ile ingekwenda sawa. Nitoeni mimi, muuache mpango."

Kisha Mutuku, ambaye alikuwa bado amesimama, akasema taratibu, "Yaani nyanya zangu zimeliwa kwa sababu ya mapenzi?" na ukumbi wote ukapasuka, hata mzee wa meza kuu, hata Lynn aliyekuwa karibu kulia.

Khamisa hakucheka. Alisubiri mpaka wote wakanyamaza, akasimama, akavua miwani.

"Nina neno," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu lile lori. Imekuwa nzito, ina mchanga ndani yake, lakini ni ile ile. "Mmefanya kosa moja nyote, na mimi nimo. Mmewahamisha watu kwa mlio. Mlio haujui kama ni maji au ni Idd au ni kidole kimeteleza. Moja na mbili ziwe flashi, sawa. Lakini kama ni watu kuhama, msomaji apige, mimi nipokee, aseme kwa mdomo wake. Niulize, anijibu. Nisikie."

"Na msomaji awe nani?" Lynn akauliza. "Tumtoe huyu?"

Khamisa akanigeukia, akanitazama kwa mara ya kwanza. Alinitazama kama mtu anayesoma chuma.

"Huyu muacheni," akasema. "Huyu akiongopa namjua. Mtu mwingine itabidi nianze kumsoma upya, na mimi sina umri huo."

Wakatia sahihi mchana ule, na ile kanuni mpya ikaandikwa kwa kalamu ukingoni mwa karatasi.

Nje, watu wakigawiwa soda, alipita karibu yangu akiwa na Ilham.

"Umezeeka, Zein."

"Na wewe."

"Mimi nimezeekea mahali pamoja." Akatengeneza buibui yake. "Usinipigie kama hakuna maji."

"Sitakupigia."

"Idd mubarak," akasema, mwezi mzima umepita, akaenda zake.

*

Sasa nieleze kilichonipata baada ya hapo, kwa sababu hakuna aliyekiona.

Nilirudi kwenye jiwe langu. Moja, kila asubuhi. Yeye moja. Miche ya kaunti ya chini ilikuja kwa lori la kaunti ya juu, tukapanda kingo zote mbili za mto, miti midogo iliyofika magotini. Watu wa Kakuyuni walikuja kupanda nasi, na wa kwetu walishuka kuona mashamba ya chini yalivyo. Mutuku alikuja mara mbili. Alinipa mbegu za nyanya, akaniambia nisizipande siku ya Idd.

Na mimi nilikuwa najua jambo moja usiku na mchana: sauti ile nitaisikia tena siku moja tu, siku ambayo mto utamwendea kummaliza. Hakuna siku nyingine.

Vuli ilipokuja, mto ulipanda mpaka vidole vitatu chini ya utepe mwekundu. Nilisimama majini na fimbo, nikautazama, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Panda." Nikashtuka, nikajishika mdomo. Vidole vitatu vile vya maji ni nyumba yake. Ni Ilham. Ni yule bibi na kiti chake cha plastiki. Na bado moyo wangu ulikuwa unavuta maji juu kwa kamba.

Nilipanda mwamba. Vidole vitatu. Nani angenilaumu? Ningesema nimeona heri kuwahi. Angepokea, angesema, "Sema," na ningemsikia. Nilishika simu muda mrefu. Kisha nikapiga mbili, nikakata, nikakaa chini. Akarudisha moja. Maji yalianza kushuka adhuhuri. Sikujua nimshukuru Mungu kwa lipi kwanza.

Nilifunga mkeka wangu wiki ile. Niliufunga nikaufungua.

*

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa Mei, Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha bara siku tisa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliteremka mtoni, na ule utepe mwekundu nikauona unaingia chini ya maji mbele ya macho yangu, polepole, kama jicho linalofumba. Hapakuwa na kutaka wala kutotaka. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii juu ya mwamba wenye maji, lakini nilikimbia, nikafika juu magoti yanatoka damu, nikapiga na sikukata.

Ililia mara moja tu.

"Sema," akasema.

"Maji yamepita utepe mwekundu saa kumi na mbili na nusu. Sasa yako shubiri mbili juu yake."

"Yanabeba nini?"

"Mikoma mizima na mizizi yake. Nimeona paa la nyumba."

Nikamsikia anavuta pumzi kupitia meno, vile alivyokuwa akifanya kila alipoukata uzi wa cherehani.

"Zein. Huu ni mto au ni wewe?"

"Ni mto, Khamisa. Wallahi ni mto. Ni mkubwa kuliko ule wa Elnino."

"Rangi yake?"

"Mwekundu kama matofali."

"Haya," akasema. "Nimekusikia."

Nikangoja mlio wa kukata. Haukuja. Nikasikia kitambaa kinasugua, nikaelewa ameitia simu kwenye fundo la leso yake, haikuzimwa, na ameanza kutembea.

"Ilham! Piga kengele! Ilham, kengele, mwanangu, wacha hicho!"

Nikasikia kengele ya chuma inagongwa. Nikasikia kuku. Nikasikia miguu yake kwenye matope, na pumzi zake, karibu kabisa na sikio langu, karibu kama kwenye mto wa kulalia.

"Mama Kambi! Mama Kambi, toka. Mtoe bibi. Mkokoteni uko kwa Pola, nenda kauchukue. Mutuku! Mutuku, wacha nyanya!"

Sauti ya Mutuku ikaja kwa mbali: "Ni ya kweli hii, au ni ya Idd?"

"Ni ya kweli. Nimemsikia mwenyewe."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, nakwambia. Kata mbuzi kamba."

Wakaenda. Nyumba baada ya nyumba, nilikwenda nao. Sikuwahi kuiona njia ile, lakini niliijua siku ile: hapa pana mbwa mkali, hapa pana mtoto mchanga, hapa pana mtu kiziwi ambaye lazima aguswe bega. Kila mlango aliujua kwa jina. Mara moja alisimama, nikamsikia anahema, akasema chinichini, si kwa mtu, "Ya Rabbi, shamba langu," kisha akaendelea.

Nilikuwa naogopa hata kupumua, asije akakumbuka kwamba nipo.

Walikuwa wanapanda kilima. Nilijua kwa pumzi zake zilivyokuwa fupi, na kwa sauti za watoto zilivyoongezeka. Mtu alikuwa anahesabu watu, anakosea, anaanza tena. Khamisa akasema, "Sogeeni, wazee wakae ndani." Halafu vocha yangu ikaisha.

Nilibaki na simu sikioni. Ilikuwa moto. Chini yangu mto ulikuwa unanguruma, mwekundu, unakwenda kwake.

Kisha nikateremka kusoma chuma. Maji yalikuwa bado yanapanda, na saa tatu Uweis angepiga kuuliza namba.